Namba Niliyomnyima Mwalimu

Mwalimu alikufa Alhamisi. Jumatatu ya wiki hiyo hiyo alikuja dukani kwangu akaniomba namba moja, nami nikamnyima. Nayaandika haya mawili pamoja kwa sababu kichwani mwangu yamekataa kuachana, na kwa sababu watu wananiuliza kwa nini siku hizi nimenyamaza, na sijapata jibu la kuwapa nikiwa nimesimama njiani.

Nina duka dogo la fotokopi hapa mtaa wa Pioneer, Eldoret. Natoa nakala, nachapa barua, nafunika vyeti kwa plastiki, na nafunga kazi za wanafunzi wa chuo kikuu ziwe kama vitabu. Shule niliacha kidato cha pili. Mwalimu alikuwa mteja wangu na jirani yangu kwa miaka kumi na minne. Kati ya mlango wake na wangu kuna ploti mbili na kinyozi.

Kinyozi ndiye aliyeniletea habari. Alisimama mlangoni, mashine ya kunyolea bado iko mkononi.

"Mama Njeri, Mwalimu amefariki."

"Mwalimu yupi?" nikamuuliza, kana kwamba tuko nao wengi.

"Huyu wetu."

Wakati huo nilikuwa napitisha cheti cha mtu kwenye mashine ya plastiki. Kilikwama ndani kikaanza kuungua, nami nikakitazama tu. Moshi ukajaa duka zima. Kinyozi ndiye aliyechomoa waya ukutani. Baadaye nilimwendea mwenye cheti nikamwambia kilivyoungua na kwamba nilikuwa nakitazama kikiungua. Aliniuliza kama nilikuwa mgonjwa. Nikasema hapana.

Namba aliyoniomba haikuwa ya simu wala ya benki. Ilikuwa namba ya kazi yake. Bila hiyo hangeweza kujua jibu la jambo alilolifanyia kazi miaka sita, na mtu wa pekee aliyeijua hiyo namba duniani alikuwa mimi. Nitaeleza ilikuwaje, nilivyoelewa mimi. Kwanza niseme alikuwa mtu wa namna gani.

Alifundisha fizikia chuo kikuu, na tulimwita Mwalimu, si Profesa. Hiyo ilikuwa amri yake. Mwanafunzi mgeni akimwita Profesa, alikuwa anaangalia nyuma yake, anasema, "Huyo hajafika. Niko mimi mwalimu." Alivaa sweta moja ya kijani yenye viraka viwili vya ngozi kwenye viwiko, na alibeba mwavuli hata Januari wakati vumbi la Eldoret linaingia mpaka kwenye chai. Bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia kwa sababu ya mkoba. Alitembea haraka, na akisimama kusalimia alisimama kabisa, miguu pamoja, akuulize habari za nyumbani na angoje jibu. Watu wengi hawapendi kungojewa jibu. Wengine walikuwa wanavuka barabara.

Neno lake lilikuwa, "Umepima ama umesikia?" Ukimwambia nyama ya bucha fulani ni ya zamani, atakuuliza umepima ama umesikia. Ukimwambia mtoto wa fulani ameharibika, atakuuliza hilo hilo. Ilichosha. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia, "Mwalimu, mambo mengine ni ya kusikia tu, tusikie tuendelee," akacheka mpaka akakohoa.

Kuna mama alikuwa anatuletea maziwa kwa pikipiki. Watu wa ploti wakaanza kusema anaongeza maji. Mwalimu alikuwa mmoja wao, na hilo alilikiri baadaye. Akanunua kile chombo cha kioo kinachoelea kwenye maziwa kuonyesha uzito wake. Kwa wiki mbili akanunua maziwa kwa yule mama na kwa wauzaji wengine wawili, asubuhi kwa asubuhi, akiandika. Akapata kwamba wa maji alikuwa mwingine kabisa, yule tuliyekuwa tunamsifu kwa sababu anaimba kwaya. Basi Mwalimu akapita mlango kwa mlango kutuambia. Halafu akamngoja mama wa maziwa pale kwangu.

"Nimekuja kukuomba msamaha," akamwambia. "Nilikuwa nakupima."

Mama wa maziwa akashangaa. "Kwani Mwalimu ulikuwa unanunua maziwa yangu ukapime?"

"Ndiyo."

"Si ungeniuliza?"

"Ningekuuliza ungesema nini?"

"Ningesema siongezi maji."

"Na anayeongeza, angesema nini?"

Mama wa maziwa alifikiri kidogo, akaweka mtungi chini, akacheka hadi machozi. "Huyu mtu ni wazimu," akaniambia mimi, si yeye. "Lakini ni wazimu wetu." Kuanzia siku hiyo alimjazia kikombe cha ziada, na Mwalimu akakipima hicho pia, nafikiri kwa mazoea tu.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa na mambo yake. Aliahidi kuja siku Njeri, binti yangu, anamaliza chuo cha uuguzi, na kiti chake kilikaa kitupu mpaka jioni. Alikuwa amesahau. Elektroni hakusahau hata moja lakini binti yangu alimsahau. Alikuwa mkali kwa chai. Ukimpa iliyopoa aliisukuma mbali kama mtoto. Hakuwa na subira kwa foleni. Na alipenda sana kusifiwa. Hili nalisema kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia, akiwa anangoja nakala zake. "Mama Njeri, napenda kusifiwa kuliko watu wengi unaowajua. Nikisifiwa asubuhi nalala vizuri siku tatu. Mtu kama mimi lazima afungwe kamba."

Sikuelewa hiyo kamba ni nini mpaka aliponieleza kazi yake, na kunieleza ilichukua miaka.

Nilikuwa nafunga kitabu cha mwanafunzi wake, nikaona picha ya mduara wenye viduara vitatu ndani, kila kimoja kina mshale. Nikauliza hiyo ni nini. Akavuta kiti.

Alisema kila kitu, mimi, meza, karatasi, ndani kabisa kina vitu vidogo vinavyoitwa protoni na nyutroni. Kila kimoja kina kitu kama kuzunguka, wao wanaita spini. "Si kwamba inazunguka kama pia ya watoto," akasema, "lakini kwa leo wacha tuseme inazunguka." Ndani ya protoni kuna vitu vidogo zaidi, kwaki, na wakubwa wa kazi hiyo walidhani hizo kwaki ndizo zinazobeba ule mzunguko wote. Wakapima. Wakakuta zinabeba kama theluthi moja tu.

"Na ile nyingine imebebwa na nani?" nikauliza.

Alinitazama kama nimempa zawadi. "Hilo swali lako," akasema, "ndilo lililonila nywele."

Nikamuuliza wanapima vipi kitu ambacho hakionekani. Akasema wanakipiga na elektroni.

"Chukulia unabisha geti la mtu. Geti limefungwa, ukuta ni mrefu, huoni ndani. Unabisha kwa mkono wa kulia, mara nyingi, unaandika mbwa amebweka mara ngapi. Halafu unabisha kwa mkono wa kushoto, mara nyingi vilevile, unaandika. Kama mbwa anabweka zaidi kwa mkono mmoja, umejua kitu kuhusu huyo mbwa amelala akiangalia wapi."

"Tofauti ni kubwa?"

"Ndogo sana. Ndiyo maana unabisha mamilioni kwa mamilioni."

"Na mwenye nyumba hatoki kuuliza ni nani?"

"Hatoki, Mama Njeri. Hajawahi kutoka, tangu dunia iumbwe. Kwaki haijawahi kuonekana peke yake nje ya geti."

Nilimwambia hao ni majirani wabaya. Alienda akicheka, akaacha nakala zake kaunta.

Mashine ya kubisha hizo geti iko ng'ambo. Alikuwa amefanya kazi huko akiwa kijana, na baada ya kurudi Eldoret aliendelea kupewa hesabu zake kwa mtandao. Na huko ndiko alikokosea, na kosa hilo lilimbadilisha maisha, kwa hiyo nitalieleza.

Kwenye hiyo mashine, elektroni zinatolewa kwa mwanga, na kwenye njia ya mwanga kuna kipande chembamba cha kioo. Kikiwekwa, kulia inakuwa kushoto na kushoto inakuwa kulia. Wanakiweka na kukitoa makusudi, ili wajue mashine haiwadanganyi. Lakini lazima iandikwe kila mara: kioo kiko ndani, ama kiko nje. Siku fulani zamu ilibadilika, watu wamechoka, kikawekwa na hakuna aliyeandika. Hesabu za siku hizo zikatoka kinyume.

"Hapo bado hakuna dhambi," Mwalimu aliniambia. "Watu huchoka. Dhambi ni yangu iliyofuata." Yeye alikuwa tayari na jibu alilolitaka, jibu ambalo lingemfanya ajulikane. Siku zile za kinyume zilikuwa zinamharibia. Basi akatafuta sababu za kuzitupa. Siku moja alisema joto lilipanda, nyingine alisema pampu ilisumbua. Kila sababu ilikuwa ya kweli kidogo. "Sikudanganya hata mara moja," akasema. "Hiyo ndiyo inatisha. Nilikuwa mkweli njia nzima nikafika kwenye uongo."

Karatasi aliyoandika kuhusu jibu hilo ilichapishwa kwenye jarida la wataalamu. Alisifiwa. Miaka minne baadaye, akiwa hapa, peke yake, akagundua habari ya kioo. Hakuna mtu aliyekuwa anajua wala ambaye angejua. Akaandika barua mwenyewe, akaiondoa karatasi yake mbele ya dunia nzima ya watu wanaojua mambo hayo. Uprofesa ulikuwa karibu kutangazwa. Haukutangazwa tena. Ndiyo maana alikuwa anaangalia nyuma yake akiitwa jina hilo.

Baada ya hapo akaanza desturi ya namba ya siri. Si yeye aliyeibuni; alisema wengi wa kazi yake hufanya hivyo. Unachukua mtu asiyehusika, anachagua namba bila wewe kuiona, na kompyuta inaiongeza kwenye kila jibu. Kwa hiyo jibu unaloliona si jibu. Huwezi kulivuta upande unaoutaka kwa sababu hujui liko upande gani. Unafanya kazi yako, unaikagua, mnagombana, na siku wote mnaposema tumemaliza, namba inaondolewa. Ikishaondolewa hubadilishi kitu, hata jibu likikuaibisha.

"Hiyo ndiyo kamba?" nikamuuliza.

"Hiyo ndiyo kamba."

Kazi yake ya mwisho aliifanya na mwanafunzi mmoja, Hodan, binti wa familia ya wafanyabiashara wa Kisomali wa mjini. Baba yake ana duka la vitambaa na alikuwa bado anangoja aambiwe protoni zinauzwa wapi. Hodan ni mpole, na ni mtu wa pekee niliyemsikia akimwambia Mwalimu, "Hapo umekosea," bila kuongeza pole.

Walikuja asubuhi ya mvua wakiwa na kompyuta.

"Mama Njeri, tunataka uchague namba," akasema Mwalimu.

"Mimi? Chuo kizima kile hakuna mtu?"

"Chuoni kuna watu wengi wanaonipenda na wengi wasionipenda. Wewe uliwahi kunifuata mpaka darasani kuniambia umefunga kitabu na kimekosa ukurasa, na hakuna aliyekuwa ameona. Nakutaka wewe."

Hodan akanionyesha mahali pa kuandika na akaniambia namba isizidi ngapi na isipungue ngapi. Wakatoka nje wakasimama chini ya paa, wakiwa wamenipa mgongo, mvua ikiwapiga miguu. Nilikaa pale muda mrefu. Nilijua kuandika namba tangu darasa la kwanza lakini siku hiyo vidole vilikataa. Mwishowe nikaandika. Ikapotea ndani ya kompyuta. Nikaiandika kwenye karatasi pia, nikaitia kwenye bahasha ya kaki, nikaifunga kwa ile tepu nyeusi ninayofungia migongo ya vitabu.

Mwalimu akaniambia, "Nikija na Hodan, tukasema sote tumemaliza, toa. Nikija peke yangu usitoe. Nitakuwa na sababu nzuri sana. Nitakuambia sheria ni yangu na naweza kuiondoa. Usitoe."

"Na ukija na bunduki?"

"Nikija na bunduki toa haraka, halafu waambie watu nilikuja na bunduki."

Bahasha niliiweka kwenye droo ya chini pamoja na cheti cha ubatizo cha Njeri na hati ya kifo cha baba yake. Ilikaa humo zaidi ya mwaka. Sikuwa nimejua namba inaweza kuwa nzito. Nilikuwa nikiiona kwenye ukurasa wa kitabu moyo unaruka. Mwalimu akija kutoa nakala, hakuangalia ile droo kamwe, na kwa jinsi alivyojitahidi kutoiangalia nilijua anaifikiria.

Tulimzika Moi's Bridge, kwenye shamba la dada yake, katikati ya mahindi yaliyokuwa yamefika kifuani. Kinyozi alikuja, mama wa maziwa alikuja, Hodan alikuja na baba yake, aliyesimama pembeni na kofia yake mkononi muda wote. Niliona sanduku likishuka na bado nilikuwa nangoja Mwalimu atokee nyuma ya umati aulize kama tumepima ama tumesikia. Sisemi hivyo kwa mapambo. Niligeuka kweli kuangalia.

Baada ya chakula dada yake alinikalisha jikoni.

"Wewe ndiye Mama Njeri wa fotokopi?"

"Ndiye."

"Alikutaja. Alikuambia?"

"Kuniambia nini?"

Akaniangalia. "Kwamba anakufa."

Nikaweka kikombe chini. Dada yake akaendelea kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma. Hospitali walikuwa wamemwambia mwanzo wa mwezi ule. Ini. Walimwambia ni wiki, si miezi, na hata hizo wiki wangeweza kukosea kwa siku kadhaa. Alimwambia dada yake peke yake na akamwapisha asiseme. Kwa hiyo Jumatatu ile alipoingia dukani kwangu alikuwa anajua. Hodan alikuwa amebakiza wiki mbili amalize sehemu yake, na Mwalimu alijua kwamba hizo wiki mbili huenda hana.

Angesema neno moja tu. Angesema, "Mama Njeri, mimi ni mgonjwa." Ningeipasua ile bahasha kwa meno. Nimelifikiria hilo kila namna, nikipiga pasi, nikiwa kanisani, na kila mara nafika hapo hapo: alikuwa nalo hilo neno, na aliondoka nalo.

Hodan alimaliza sehemu yake wiki mbili baada ya ile Jumatatu, kama alivyosema. Alikuja dukani peke yake. Alisimama mlangoni akisitasita, kwa sababu masharti yalikuwa waje wawili. Nikamwambia aingie. Tukafungua bahasha pamoja ingawa namba nilikuwa nayo kichwani. Akaiandika, akabonyeza, na ule mstari kwenye kompyuta ukashuka kidogo ukatulia.

"Ni hivyo tu?" nikauliza.

"Ni hivyo tu, Mama."

"Inasema nini?"

"Inakubaliana na wenzetu waliopima kwa njia nyingine. Kwaki zinabeba sehemu ndogo. Ile nyingine bado hatujaiona iliko."

"Yeye angefurahi?"

Hodan alitabasamu huku macho yamejaa. "Angeuliza tumekagua kioo mara ngapi."

Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu Moi's Bridge. Kama ningempa ile Jumatatu, kuna kitu kingeharibika? Hodan alipitia karatasi zake kwanza, kwa sababu alifundishwa hivyo, na akaniangalia usoni.

"Sehemu yake ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ilikuwa yangu, na hakuigusa tena. Angenyamaza tu asiniambie." Akazipanga karatasi zake. "Nafikiri hakuna kitu kingeharibika, Mama. Sina hakika, lakini nafikiri hakuna."

Nilimshukuru kwa kunijibu kweli. Alipoondoka nilifunga duka saa nane mchana.

Sasa nieleze ile Jumatatu.

Mvua ya mawe ilikuwa imeanguka, stima ikapotea, mashine zote zikanyamaza. Mwalimu aliingia akakaa kwenye benchi la wateja. Hilo peke yake lingenishtua, maana miaka yote alisimama kaunta. Suruali ilikuwa imekunjamana chini ya mshipi.

"Mwalimu, umekonda."

"Nimepunguza chapati." Akavua miwani, akaifuta kwa sweta. "Mama Njeri, kazi yangu nimemaliza."

"Na Hodan?"

"Wiki mbili."

"Basi tumngoje Hodan."

"Nataka kujua leo."

"Kwa nini leo?"

Alifungua mdomo. Nauona mdomo ule mpaka sasa. Halafu akaufunga, akaangalia mawe yakiyeyuka pale mlangoni. "Nimechoka kungoja tu," akasema.

"Ulisema mje wawili."

"Nilisema. Sheria ni yangu. Naweza kuiondoa."

"Uliniambia utasema hivyo hivyo. Ulisimama hapo."

"Nilisema?"

"Neno kwa neno."

Alicheka, na kicheko kikamuumiza, akashika ubavu. Nilidhani ni gesi. Nikamwambia nitamchemshia maji ya tangawizi kwa jiko la makaa. Akakataa kwa mkono. Alipoongea tena sauti ilikuwa nyingine, sijawahi kuisikia.

"Unajua unalinda nini hapo? Hujui. Unafunga vitabu usivyoweza kusoma, miaka yote hii, unafunga tu."

Mimi sikukasirika. Nilihisi kama mtu amenimwagia maji nikiwa nimelala.

"Ni kweli siwezi kuvisoma," nikasema. "Lakini hiyo namba naijua, na wewe ndiye uliyenikataza."

Aliinamisha kichwa. "Nisamehe. Nisamehe, Mama Njeri. Hayo nimeyatoa wapi?"

"Umechoka."

"Ndiyo." Akainua uso. "Basi nijibu kidogo tu. Si namba. Iko juu ya sifuri ama chini?"

Alikuwa amenikazia macho kama alivyokuwa anakazia ile michoro yake, na nilihisi damu ikinipanda shingoni, mashavu yakipata moto. Sijui kuficha. Mume wangu alikuwa akijua nimenunua nini sokoni kabla sijatua kikapu. Mwalimu alisogea mbele ya benchi, akanisoma, na nikaona mwanga unaanza kuja machoni mwake.

Ghafla akafunika macho kwa mkono.

"Geuka."

"Nini?"

"Geuka, Mama Njeri. Angalia ukuta. Uso wako unaanza kuniambia."

Nikageuka. Mbele yangu kulikuwa na rafu ya majalada, ya bluu, mekundu, meusi. Nilimsikia akipumua. Benchi likalia.

"Usigeuke mpaka niende."

"Na mvua?"

"Itaisha."

"Mwalimu, ngoja stima irudi unywe chai."

Nilisikia viatu vyake kwenye yale mawe, vinaponda polepole, vikapita kwa kinyozi, kinyozi akamsalimia, naye akasimama kusalimia, nikajua amesimama miguu pamoja. Ningeweza kugeuka wakati huo. Alikuwa mbali, hangeniona uso. Lakini alikuwa amesema mpaka niende, na sikujua kama hapo kwa kinyozi ni kwenda tayari ama bado, kwa hiyo nilibaki naangalia majalada, namba iko mdomoni, mpaka sikusikia kitu tena.

Sikumwona akiondoka.